Verlyn Haugstad Agombea Uenyekiti

Kwetu Skogen, kaskazini mwa Minnesota, mtu akijisifu watu huinamisha macho wakamtazama viatu, kana kwamba amekanyaga kitu. Kwa hiyo Verlyn Haugstad alifundisha kuchomelea vyuma katika chuo chetu cha jamii miaka ishirini na sita bila kusema neno jema hata moja juu ya nafsi yake. Aliomba kitu mara moja tu, feni ya kutoa moshi karakanani, akaisubiri miaka tisa. Ilipofika, aliwaandikia wakubwa barua ya kuwashukuru na kuwaomba radhi kwa usumbufu.

Mtu wa namna hiyo hagombei cheo. Kilichomponza ni insha.

Baraza la Walimu, ambalo tangu lianze liliongozwa na watu wa jengo kuu, wale wa historia na fasihi na saikolojia, lilipitisha kwamba kila somo chuoni liwe na insha ya kurasa kumi. Kila somo, pamoja na uchomeleaji. Aliyeleta hoja hiyo ni Marjean Tollefsrud, mwalimu wa uandishi, mwanamke mrefu ambaye sauti yake hufika nyuma ya ukumbi bila kipaza sauti. Verlyn hakupinga. Alirudi karakanani kwake, ng'ambo ya maegesho ya magari, akawapa wanafunzi kazi hiyo, kisha Novemba nzima akakaa kwenye meza ya jikoni akisahihisha kurasa mia tatu na ishirini juu ya namna ya kuunganisha chuma na chuma. Mkewe, Arlys, anasema alikuwa akihema kama ng'ombe mgonjwa.

Januari mwenyekiti wa baraza alistaafu akahamia Arizona. Orrin Pribyl wa maktaba, ambaye ndiye husimamia uchaguzi, alimuuliza Verlyn kama aandike jina lake. Verlyn akasema, "Sitasema nakataa." Orrin ni mzaliwa wa hapa; alielewa kwamba mtu huyu anakitaka kile kiti kufa na kupona. Akaandika. Jina la pili kwenye karatasi lilikuwa la Marjean.

Kila mgombea alitakiwa kujieleza kwa maneno yasiyozidi mia mbili. Verlyn aliandika hivi: "Nimekaa hapa muda mrefu. Karakana haijawahi kuungua. Nikichaguliwa sitalalamika."

Arlys aliyasoma akiwa amesimama. "Verlyn, hapa unaomba kura au unaomba msamaha?"

"Kwani yana ubaya gani?"

"Umewafundisha nusu ya mafundi wa wilaya hii. Andika hilo."

"Wanalijua."

"Hata jina lako wanalijua, na bado umeliandika."

Akachukua kalamu akaongeza sentensi nne. Verlyn akafuta tatu. Iliyobaki ilisema kwamba ana leseni zote zinazotakiwa na jimbo, na hiyo moja tu ilimfanya akwepe watu kwenye korido wiki nzima.

Siku ya wagombea kuzungumza ilikuwa Jumanne ya Februari, saa sita mchana, katika ukumbi wa chakula. Nje kulikuwa nyuzi ishirini chini ya sifuri, na walimu walijaa pomoni, wengine kwa ajili ya uchaguzi, wengi kwa ajili ya supu. Mimi nilikaa na wenzangu wa hesabu. Marjean alianza. Alizungumza dakika tatu kamili bila karatasi, akatupa mipango sita, akamalizia kwa kusema Verlyn ni mtu mwema, kitu ambacho kwa mgombea si sifa hata kidogo.

Verlyn akainuka na koti lake la karakana. Alitoa karatasi mfukoni akasema ni insha ya mwanafunzi wake na kwamba amempa ruhusa ya kuisoma. Akasoma ukurasa wa pili, ambao ulikuwa mzuri. Kisha akasoma ukurasa wa sita. Ulianza na "kama nilivyosema awali", ukaendelea na "kama nilivyokwisha kusema", ukaishia na "ni muhimu kurudia kwamba". Watu wakacheka, na Marjean ndiye aliyecheka kwa sauti kuliko wote. Verlyn hakucheka. Alisema kijana huyo anaunganisha bomba la gesi lisivuje, na yeye hapendi kumfundisha kuvujisha maneno.

Mwalimu mmoja wa historia akauliza kama kweli anautaka uenyekiti. Verlyn akakunja karatasi mara mbili, kisha mara ya tatu.

"Ndiyo," alisema. "Nautaka."

Nilitazama chini kwa aibu. Ilikuwa kama kumwona jirani yako barazani na nguo za kulalia.

Kura zilipigwa maktabani siku mbili zilizofuata. Orrin anasema watu wengi hutumia nusu dakika nyuma ya pazia la kupigia kura. Verlyn alitumia dakika nne, mpaka Orrin akaanza kukohoa. Ijumaa matokeo yakabandikwa mlangoni: Haugstad thelathini na nne, Tollefsrud thelathini na tatu.

Verlyn aliyasoma, akapanda gari lake, akaenda nyumbani kula chakula cha mchana. Alimwambia Arlys kwamba ameshinda na kwamba itabidi ajiuzulu. Kura moja, alisema, na hiyo moja ni ya kwake mwenyewe. Arlys alicheka mpaka akashika kiti. Kisha akakata vipande vya keki ya shayiri, akavifunga, akamwambia ampelekee Marjean akaseme alilonalo.

Marjean alikuwa ofisini kwake, anasahihisha. Verlyn akaweka keki juu ya insha, kisha, alipoona ameiweka wapi, akaiondoa.

"Nimekuja kukwambia kitu. Nilijipigia kura."

Marjean akavua miwani. "Na mimi nilijipigia. Ulidhani nitampigia nani, Orrin?"

"Wewe pia?"

"Verlyn, nilitumia sekunde tano. Hebu kaa chini, fungua hiyo keki."

Akakaa. Wakala vipande viwili viwili, kisha Marjean akauliza anataka insha iwe ya kurasa ngapi. Verlyn akasema mbili. Marjean akasema nane. Wakabishana hadi walimu wa vyumba vya jirani wakasogea mlangoni kusikiliza, maana hakuna aliyewahi kumsikia Verlyn akibishana na mtu. Wakaafikiana kurasa tatu na mchoro mmoja, mchoro uwe na vipimo.

Hoja ya kurasa tatu ilipita katika kikao cha kwanza cha Verlyn, mwezi Machi. Alikiendesha kikao kwa dakika thelathini na nane. Vikao vya baraza huchukua saa mbili, kwa hiyo alipokifunga watu walibaki wamekaa, hawajui waende wapi, wakamalizia kahawa yote.

Jioni Arlys alikuwa jikoni akikoroga mchuzi. Akauliza kikao kilikwendaje.

"Marjean kasema hakikuwa kibaya."

Arlys, anayejua kwamba kwetu hakuna sifa kubwa kuliko hiyo, akaacha kukoroga. "Kasema hivyo mbele za watu?"

"Mbele za watu."

"Jamani," alisema Arlys, akavuta kiti akakaa.