Dobi Mstari na Mashine ya Mama Mkwe

Watu walimwita Mstari kwa sababu suruali iliyopita mikononi mwake ilitoka na mstari wa mbele ambao ungeweza kukatia sabuni. Alikuwa dobi tangu ujana. Akikutana nawe njiani hakukutazama usoni, alianza kwenye kola, akashuka kwenye vifungo, akafika kwenye pindo, ndipo akasema, "Aa, ni wewe! Habari za nyumbani?" Nguo za mtaa mzima alizijua kama mchungaji anavyowajua mbuzi wake, na hakuna siku aliyoandika chochote. Ukileta shati, alilipokea, akalinusa kidogo, akasema, "Njoo Jumamosi." Basi.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka siku ile zilipoletwa suruali mbili za kijivu, moja ya mwalimu mkuu na nyingine ya muuza nyama. Mwalimu mkuu alikuwa mwembamba kama kijiti cha kibiriti. Muuza nyama alikuwa muuza nyama. Siku hiyo Mstari alikuwa na homa, kichwa kinamgonga, akazibadilisha. Mwalimu mkuu alivaa haraka haraka akawahi mkutano wa wazazi, akahutubia mkono mmoja ukiwa mfukoni, umekamata kiuno cha suruali kama mtu aliyeshika kamba ya ng'ombe. Wazazi walisema hawajawahi kusikia hotuba fupi na tamu namna ile. Walipopiga makofi, naye kwa kusahau akatoa mkono ili apige, na hayo mengine wazazi waliyasimulia wenyewe.

Mke wa Mstari, ambaye ni muuguzi na ameona mengi, alicheka mpaka akakaa chini. Mama yake hakucheka.

Huyu mama mkwe alikuwa amehamia kwao tangu magoti yalipoanza kumsumbua. Enzi zake alikuwa mpiga chapa katika ofisi kubwa, na alipenda kusema kwamba mabosi wake wote walikuja wakaondoka, yeye na mashine yake ya taipu wakabaki. Mchana kutwa alikaa kwenye kiti cha mlangoni mwa duka la dobi akiangalia barabara. Heshima iliyokuwa kati yake na mkwewe ilikuwa nzito kama blanketi, na kama blanketi, iliwatoa jasho wote wawili. Asubuhi Mstari alisema, "Shikamoo, Mama," naye akajibu, "Marahaba, baba," kisha wakanyamaza mpaka jioni.

Juma moja baada ya mkutano wa wazazi, mama akaingia na boksi mikononi.

"Mwanangu," akasema, "hii ni zawadi. Mashine ya risiti. Kila nguo na karatasi yake, kila mtu na namba yake. Hatutaki tena mkuu wa shule avuliwe nguo mbele za watu."

Mstari aliitazama ile mashine, nyeusi, ndogo kama tofali lililokatwa nusu. Moyoni alijua kwamba kichwa chake hakihitaji tofali. Lakini zawadi ya mama mkwe hairudishwi. "Ahsante sana, Mama," akasema. "Umefanya jambo kubwa."

Ndani ya boksi mlikuwa na waya, roli ya karatasi na kijikaratasi cha maelekezo kilichokunjwa mara nyingi. Mstari alinyoosha mkono akichukue. Mama alimtangulia, akakikunja mara moja zaidi, akakichomeka chini ya mguu wa meza uliokuwa ukiyumba.

"Mimi nimelala na kuamka na mashine," akasema. "Mashine haisomewi, mashine inaeleweka."

Akavaa miwani, akafungua kifuniko, akachungulia. Akaigeuza, akachungulia tena, akaitikisa sikioni kama mtu anayejaribu nazi. Kisha akaishusha polepole.

"Tumeibiwa. Haina utepe wala wino. Wametuuzia mwili bila damu! Nenda kawaambie watoe wino wao, na uwaambie unatoka kwa mtu anayejua."

Mstari akaenda. Muuza vifaa alimsikiliza mpaka mwisho, akauma midomo asicheke, akashindwa.

"Mzee wangu, hii haitumii wino. Ndani kuna kichwa kinachopata moto. Karatasi ikipita pale, panapounguzwa panakuwa peusi. Ndiyo maandishi hayo."

Mstari akasimama wima. "Inaunguza? Kwa joto?"

"Kwa joto tu."

"Kumbe ni pasi!"

"Haya, ni pasi," muuzaji akakubali. "Pasi inayojua kusoma."

Dobi alirudi akitembea kama aliyepata habari za ndugu aliyepotea. Lakini alipokaribia duka, akapunguza mwendo. Utamwambiaje mama mkwe kwamba amekosea? Ukinyamaza ni uongo, na ukisema ni utovu wa adabu. Akajikaza kisabuni.

"Mama, ulivyosema ni kweli, wino upo. Ila... wameutia ndani ya karatasi."

Mama akaichukua ile roli. "Nilijua hauko mbali," akasema.

Wakatia roli, wakafunga kifuniko mpaka kikalia taki, wakachomeka umeme. Taa ya kijani ikawaka. Mama akabonyeza kitufe cha kujaribia, na mashine ikanguruma, ikatoa ulimi wa karatasi, mrefu na mweupe. Mweupe kabisa. Akabonyeza tena, ukatoka mwingine, nao mweupe kama shuka la bibi harusi.

"Labda herufi ni ndogo," mama akasema, akausogeza kwenye mwanga.

Wakati huohuo kinyozi, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, akaingia na koti lake. Mama hakuwa mtu wa kuacha mteja aondoke bila risiti. Akachana karatasi, akampa kwa mikono miwili. Kinyozi akaitazama mbele, akaitazama nyuma.

"Inasemaje hii, Mama?"

"Inasema uje Alhamisi."

"Na chini yake?"

"Usichelewe."

Kinyozi akaikunja kwa heshima, akaitia mfukoni, akaondoka.

Mchana ule wote mashine ilitoa karatasi nyeupe. Mama alijaribu kuipigapiga ubavuni, akajaribu kuinyamazia, hata kuigeuzia kisogo ili ione haya.  Mstari aliendelea kupiga pasi, na zile karatasi zilizoshindikana zilikuwa zimezagaa hadi mezani kwake. Pasi ikapita juu ya moja bila yeye kuangalia. Alipoinua mkono, karatasi ilikuwa nyeusi tii. Akachukua nyingine, akaigeuza, akaipitishia pasi. Haikubadilika. Akaigeuza tena, akapitisha, ikawa nyeusi.

Akakohoa. "Mama, samahani. Hivi karatasi hii si kama kitambaa? Naona ina upande wa ndani na upande wa nje. Unaonaje tukiigeuza?"

Mama alitazama ile karatasi nyeusi, akatazama mashine, akatazama dari.

"Ndiko nilikokuwa nakuja," akasema.

Wakageuza roli. Mama akabonyeza. Karatasi ikatoka imejaa herufi na namba kutoka juu mpaka chini, nyeusi, kali, safi! Mama akapiga kigelegele. Wakafunguliana mikono kwa furaha, kisha wote wawili wakakumbuka kwa pamoja kwamba ni mtu na mkwewe, mikono ikabaki hewani. Mstari akajifanya anapunga upepo. Mama akajifanya ananyoosha mgongo.

Ikabaki kuiunganisha na simu ya mama, kwa ile njia isiyo na waya wanayoiita blututhi. Simu ikaleta orodha ya vitu vilivyo karibu. Mama akachagua cha kwanza bila kusita, akaandika "Karibu tena," akabonyeza. Mashine ikakaa kimya. Badala yake, muziki uliokuwa ukivuma kwa kinyozi ukakatika ghafla. Mama akabonyeza tena. Ukutani pakalia kitu kama bata aliyekanyagwa. Punde kinyozi akatokea mlangoni, wembe mkononi, na nyuma yake mteja aliyenyolewa nusu.

"Nani kaiteka spika yangu?"

"Spika ipi?" mama akauliza kwa upole mkubwa, akachagua jina la pili. Mashine ikanguruma, ikatoa risiti: Karibu tena. Mama akaichana, akampa kinyozi. Safari hii aliisoma.

Kuanzia hapo duka likawa na utaratibu. Mteja akifika, mama aliandika kwenye simu, risiti mbili zikatoka, moja ya mteja, moja ikabanwa na pini kwa ndani ya nguo. Kwa siku kadhaa Mstari hakuulizwa chochote. Alifua, alianika, alipiga pasi, na kwa sababu alikuwa mtu wa kutii, hakubandua risiti hata moja. Alipopiga pasi alipita juu ya kitambaa taratibu, akidhani kinazikinga, maana mama alikuwa ameagiza zisitoke kamwe.

Jumamosi wateja wakajaa. Mama akasimama mbele ya nguo zilizotundikwa, akapokea risiti ya mteja wa kwanza, akasoma namba kwa sauti ya ofisini, akaigeukia safu. Akashika karatasi ya kwanza. Nyeusi. Ya pili nyeusi. Akatembea mpaka mwisho wa safu akizifunua moja moja, zote zimeungua zimekuwa kama mkaa.

"Mwanangu," akaita bila kugeuka, "hizi risiti zimefiwa?"

Mstari aliziona, akatazama pasi yake, akaelewa.  Wateja walianza kunung'unika, na katikati yao alikuwemo mwalimu mkuu, mikono yote miwili ikiwa imeshika mkanda. Hapo ndipo dobi alipoweka pasi chini, akapita mbele ya mama mkwe wake kwa mara ya kwanza tangu amjue, akasema, "Niwieni radhi. Mmoja mmoja."

Akamtazama wa kwanza, kuanzia kolani. "Wewe ni shati la bluu, chai mgongoni." Akalichomoa. "Wewe ni gauni lenye nta ya mshumaa begani. Wewe ni koti lililolaliwa na paka, manyoya nimeyatoa. Wewe, suruali ya bwana wako, yenye madoa ya majani magotini."

"Majani?" yule mteja akashtuka. "Bwana wangu anashinda ofisini. Daktari kamkataza mpira kwa ajili ya goti."

Mstari akagundua kwamba ulimi wake umeteleza mahali pabaya. "Huenda ofisi yao ina bustani," akasema.

"Iko ghorofa ya nne!"

Watu wakavunjika mbavu. Foleni iliyokuwa inanung'unika sasa ilikuwa inasukumana, si kwa haraka, ila kila mtu asikie doa la mwenzake. Waliokwisha kupata nguo hawakuondoka. Mwalimu mkuu alipopewa suruali yake aliomba kuijaribu nyuma ya pazia, na alipotoka imemkaa sawasawa alipigiwa makofi. Hakupiga.

Duka lilipokuwa tupu, mama alikaa kwenye kiti chake. Mstari alisimama akisubiri, maana alikuwa ameaibisha wateja na kuunguza zawadi, yote kwa siku moja. Akaona mabega ya mama yanatikisika. Akadhani analia.

"Mama, nisamehe..."

"Ghorofa ya nne!" mama akasema, na kicheko kikamtoka kama maji ya bomba lililopasuka. Mstari naye akashindwa kujizuia. Mama akaiegemea meza, akaigonga kwa kiganja, mpaka kijikaratasi cha maelekezo kikachomoka chini ya mguu. Akakiokota akifuta machozi, akasoma. 

"Kinasemaje, Mama?"

"Kinasema uiweke karatasi mbali na joto."

"Aa."

"Na kwamba ina upande wake." Akakikunja, akakirudisha chini ya mguu wa meza. "Wangeandika kwa herufi kubwa."

Siku hizi risiti hubanwa baada ya pasi, kabla ya hapo hukaa ndani ya kopo la biskuti. Mama amegundua kwamba mashine inaruhusu neno la ziada chini, na hapo ndipo alipopata kazi yake hasa. Mteja hupewa risiti imeandikwa: "Toa misumari mfukoni kabla ya kuleta." Au: "Kola haifuliwi kwa maombi." Muuza nyama alipata "Suruali imepanuka au ni wewe?" akaja kulalamika, kisha akaomba nyingine ampelekee kaka yake.

Majuzi Mstari alikuta risiti juu ya meza ya pasi, upande ule usiofikiwa na joto. Haikuwa na namba wala jina la nguo. Iliandikwa: "Dobi huyu ana kichwa kizuri. Binti yangu hakukosea. Ila amekonda." Aliisoma, akageuka. Mama alikuwa mlangoni anaangalia barabara kwa makini sana, ingawa barabarani hapakuwa na kitu.

"Mama," akaanza, "hii risiti..."

"Imetoka vizuri?"

"Imetoka vizuri, Mama."

"Basi angalia pasi, usije ukaunguza shati la watu."