Abiria wa Kwanza wa Mtumbwi Wetu

Baba mdogo alinipigia simu nikiwa Handeni, nikilinda ghala la mahindi la mtu. Hakuuliza habari za kazi. Alisema, "Ule mkuyu umeanguka. Njoo tuchonge mtumbwi."

Nikaenda. Utu uzima wangu nimeumaliza kwa kuhama: Segera, Mombo, Handeni. Nakaa mahali mpaka watu waanze kunisalimia kwa jina, kisha naondoka. Nyumbani Old Korogwe nilikuwa narudi kwa misiba tu.

Kwetu walikuwa wachonga mitumbwi na wavushaji. Vibarua wa mkonge waliokaa ng'ambo walivuka nao Mto Ruvu, ambao kwenye ramani huandikwa Pangani, wakiwahi zamu. Siku hizi mashamba yamepungua watu, na daraja lipo. Aliyebaki na tezo ya kuchongea ni baba mdogo peke yake.

"Baba yako amevusha, mimi nimevusha," aliniambia. "Tukimaliza huu, wewe utavusha. Utatulia."

Nilitaka iwe hivyo. Nilikuwa nimechoka kuamka kwenye vyumba vya kupanga nikijiuliza niko mji gani.

Tulichonga pale pale mti ulipoangukia. Aligonga ubavu kwa kifundo cha kidole na kusikiliza unene wake, kisha akanielekeza pa kupunguza. Mtumbwi ulipopasuka kidogo upande wa nyuma, tuliziba kwa singa za mkonge zilizochovywa kwenye lami. Vijana wa bodaboda walikuja kutusaidia kuuburuta hadi mtoni.

"Mzee, chombo hiki kina bima?" mmoja aliuliza.

"Vuta kamba. Bima utaikuta majini."

Kwetu mtumbwi mpya huvuka mara ya kwanza na mvushaji tu, na haurudi mtupu. Lazima urudi na mtu wa ng'ambo. Ukirudi mtupu, ina maana hauna watu, na unapasuliwa kuni. Baba mdogo hakunikumbusha. Aliketi juu ya jiwe, akaniangalia nikiondoka.

Nilivuka vizuri, nikaufunga kwenye mizizi, nikangoja. Njia iliyokuwa ikishuka mtoni imeota majani. Watu hupita juu, wakielekea darajani. Nilipanda ukingo, nikamsimamisha mama mmoja mwenye beseni la nyanya kichwani.

"Dada, nikuvushe bure."

"Na lile daraja limefanya nini, kaka?"

"Ni mtumbwi mpya. Ndiyo safari yake ya kwanza."

"Basi ndo sipandi kabisa!" Alicheka, akaenda zake, na nyanya hazikutikisika.

Mchungaji wa Kimaasai alisimama, akautazama mtumbwi, akautazama mto, akafuata ng'ombe wake. Baada yake hakupita mtu. Nilirudi kukaa kwenye mtumbwi. Jua lilikuwa kali, na kulikuwa na sauti ya maji tu. Nilipotazama upande wa pili, jiwe halikuwa na mtu. Nikajua amekata tamaa, amekwenda kutafuta shoka.

Nilikuwa nimeanza kufungua kamba niliposikia majani yakikwaruzwa nyuma yangu. Baba mdogo alikuwa anashuka kwa bakora, viatu mkononi, vumbi hadi magotini. Alikuwa amezunguka kote kule, akapita darajani.

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba. Unavusha?"

"Navusha, mzee. Ila wewe si wa ng'ambo."

"Nimetokea wapi hapa, mbinguni?"

Aliingia, akakaa mbele kama abiria, mgongo kwangu. Nikachomeka upondo mrefu hadi chini ya mto, nikasukuma.

"Una mkono wa baba yako," alisema bila kugeuka. Kisha: "Kule Handeni, kazi bado ipo?"

"Ipo."

"Kesho uwahi stendi. Magari hujaa."

Nikachomeka upondo tena. Pale katikati mto una kina, na upondo wangu ulikuwa umeacha kugusa chini. Baba mdogo aliokota kafi iliyokuwa miguuni pake, akaanza kupiga maji.