Pikapu Isiyobeba Mpunga

Kosa la kwanza lilikuwa la ulimi. Mama na mimi tulikuwa tunachambua mchele nyumbani kwangu, Katoro, nikamwambia bila kufikiri kwamba nimeamua kununua pikapu. Mama aliweka ungo chini, akajifunga khanga vizuri, akatoka. Kufika jioni mtaa mzima ulishajua kwamba yule mama fundi cherehani wa karibu na kanisa ananunua gari, na binamu yangu wa Ushirombo alikuwa amepiga simu kuuliza kama nitaanza kubeba mpunga wake au wa watu baki.

Ilinibidi nimkalishe mama mbele ya gitaa langu. Nilimwonyesha kidude cheusi, kirefu kama kidole, kilicholala chini ya nyuzi.

"Pikapu ndiyo hii, mama. Ndani kuna sumaku, imezungushiwa waya wa shaba mwembamba kuliko unywele. Nyuzi zikitikisika, hii ndiyo inayosikia, inapeleka sauti kwenye spika. Hili ni sikio la gitaa."

Mama alikitazama kile kidude kwa makini. "Na magurudumu yake?" akauliza.

Hakuwa anatania. Nilicheka mpaka nikakohoa, naye akaninunia hadi kesho yake, maana yeye ndiye aliyebaki na kazi ya kupita nyumba kwa nyumba kuwaeleza watu kwamba gari lenyewe linaenea mfukoni.

Gitaa langu nalo si la kukumbatia kifuani. Linalazwa juu ya miguu minne ya chuma kama meza nyembamba, nyuzi kumi zimetazama dari. Mkono wa kushoto unatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, mkono wa kulia unadonoa, na miguu inakanyaga pedali zilizo chini. Ukikanyaga, uzi unavutika na sauti inapanda au kushuka bila kukatika, kama mtu anayelia huku akijizuia. Kule Ushirombo, nilikokuwa nikiishi kwanza, waliliita cherehani ya kanisa, na kusema kweli ni cherehani iliyonikutanisha nalo. Padri mmoja mzee, mzungu, alikuwa na gitaa hilo misheni na hakuwa na wa kumrithisha. Siku moja alileta kanzu ipunguzwe, akanikuta nakanyaga cherehani huku naimba, akasimama mlangoni hadi nikaona haya. Akasema miguu yangu inajua kungoja. Alinifundisha, na alipokwenda kwao kupumzika uzee aliniachia.

Misheni kule gitaa lilikuwa kimya kabisa hadi uliguse. Shida ilianza nilipohamia Katoro kufuata wateja. Mji wa dhahabu una faida moja kwa fundi: mtu akipata, jambo la kwanza ni sare za harusi. Lakini nyuma ya kanisa letu kuna karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na jirani yake wapo wachomeleaji mageti. Dhahabu haijui Jumapili. Pikapu yangu ilikuwa ya koili moja, yaani msokoto mmoja wa waya, ya kizamani, na sikio lake halikubagua: lilisikia nyuzi, likasikia na umeme wa karasha. Nikiwasha spika, mngurumo ulijaa kanisani kabla sijagusa kitu.

Mwalimu wa kwaya yetu ni kijana mwenye sikio kali na mashati yaliyonyooka kuliko mafundisho yake. Jumapili moja ya Kwaresima alinisubiri nje baada ya misa.

"Shikamoo, mama fundi."

"Marahaba, Mwalimu."

"Mama, baada ya komunyo watu wanatakiwa kusali kimya. Leo wamesali na karasha. Kamati imekaa. Likinguruma hivi Pasaka, tunanunua kinanda, na hilo lako lirudi nyumbani likawe meza ya chai."

Alisema kwa adabu zote, ndiyo maana iliniuma zaidi. Meza ya chai! Nilifika nyumbani nikapiga pasi nguo ya mteja hadi ikataka kuungua. Mimi maneno ya sala hunishinda. Nikipiga magoti na mikono mitupu, akili yangu hukimbilia vifungo na zipu. Ni pale tu miguu ikiwa kwenye pedali ndipo ninapojua kwamba nasali. Kuniondolea gitaa kanisani ni kunibakizia benchi, na mtu wa benchi sikutaka kuwa. Niliapa mbele ya pasi kwamba Pasaka nitapiga, na halitanguruma.

Nikaulizia kila mahali. Kuuliza si ujinga, ingawa Katoro kila niliyemuuliza kuhusu pikapu alinielekeza kwa dalali wa magari. Mwishowe nilisikia habari za mzee mmoja Shinyanga mjini, mtaa wa Ngokolo, aliyewahi kupiga kwenye bendi na sasa anatengeneza vyombo vya muziki barazani kwake. Nilimpigia, akasema pikapu za nyuzi kumi si kitu cha dukani, ila anamfahamu mtu anayeleta vyombo vya mtumba kutoka nje, nimpe muda. Kwaresima ilikuwa inaelekea ukingoni aliponiambia nije. Niliifungua miguu ya gitaa, nikalitia kwenye sanduku lake refu, nikapanda basi. Konda aliligonga lile sanduku kwa kidole, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni msiba. Nikamwambia bado, tunajaribu kuuzuia.

Mzee wa Ngokolo alikuwa mcheshi, mrefu, mwenye vidole vilivyopinda kwa miaka ya kazi. Alinikaribisha, akaweka pikapu mbili juu ya gazeti.

"Hii ni ya koili moja, kama yako, ila mpya," alisema. "Inaimba vizuri sana. Lakini wewe umesema unakaa na karasha. Basi itakuimbia na karasha."

"Na hiyo nyingine?"

"Hii ina koili mbili. Mngurumo unaoingia huku unafutwa na ule unaoingia kule. Zinabaki nyuzi tu. Kanisani watu wanataka amani, mama yangu. Chukua hii."

Nikamwomba azijaribu zote, pamoja na ile yangu ya zamani. Alizifunga moja baada ya nyingine, anayeyusha risasi ya kuungia nyaya, anafungua, anafunga tena, nami nikawa napiga wimbo uleule kila mara. Nilipomwomba arudie tena kutoka mwanzo, aliweka chini chombo chake cha kuunganishia nyaya akanitazama.

"Mama, mchagua jembe si mkulima."

"Kweli, baba. Lakini mimi si mkulima, ni fundi cherehani. Sindano nachagua."

Alicheka, akarudia. Ile mpya ya koili moja ilikuwa kali, inachoma kama pilipili. Ile ya koili mbili ilikuwa kimya, safi, haina doa. Lakini nilipotelezesha chuma kwenye uzi mwembamba, pale ambapo gitaa langu huvuta pumzi na kulia, ilitoka sauti nene, ya heshima, kama mtu anayezungumza na leso mdomoni. Ile yangu ya zamani ilinguruma hata pale Ngokolo, kidogo, lakini ililia. Sikio langu lilishajua. Lakini kichwani nilikuwa nasikia meza ya chai, meza ya chai. Nikachukua ya koili mbili. Ya zamani nikaifunga kwenye kitambaa, nikarudi nayo.

Pasaka ikafika. Kanisa letu lilijaa hadi nje, wazee wakawekewa viti chini ya turubai, mama yangu akiwa miongoni mwao. Niliwasha spika: kimya. Mwalimu wa kwaya alinigeukia, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nihamie. Tukapiga misa yote bila kosa. Watu wa kamati walikuja kunipa mkono, mmoja akasema sasa hili ni gitaa la Kikatoliki. Nilirudi nyumbani nimenyanyua kichwa.

Tulipokaa kula pilau mama akasema, akiniita mama kwa Kisukuma chake, "Misa ya leo imependeza, mayu. Ila nilikuwa na wasiwasi. Ulikuwa unaumwa?"

"Nani, mimi?"

"Wewe. Sikukusikia. Nikasema labda umezidiwa, wamepiga wenyewe."

Mama yangu Kiswahili cha nyimbo kinampita pembeni; yeye ni wa Kisukuma, na kanisani anachofuata ni sauti. Nilikuwa nimepiga misa nzima, kila wimbo, kwa nguvu zangu zote, na mtu pekee ambaye angenitambua kati ya watu elfu hakujua kama nipo. Nilisema tu, "Nilikuwepo, mama," naye akanijibu, "Basi vizuri," akaendelea kula.

Kesho yake, Jumatatu ya Pasaka, nilifungua gitaa. Kuyeyusha risasi nilikuwa nimemtazama yule mzee akifanya mara nyingi kiasi cha kunitosha, na mkono wa mtu anayetunga uzi kwenye sindano hautetemeki. Nikatoa ya koili mbili, nikarudisha ya zamani. Nilimpigia mzee wa Ngokolo kumwambia.

"Unarudi kwenye kelele kwa hiari yako?"

"Narudi kwenye sauti yangu, baba. Kelele nitaitafutia dawa."

"Haya. Ukiipata na mimi uniambie."

Dawa niliitafuta kwa kichwa kigumu, sikuwa na kingine. Wiki ile, kazi zikipungua mchana, nilikwenda kanisani karasha ikiwa inasaga, nikalikokota gitaa pembe hadi pembe. Karibu na altare, linanguruma. Karibu na mlango, linanguruma. Nilibadilisha nyaya, nikabadilisha soketi, nikafunika spika kwa kitenge kama mgonjwa wa malaria. Linanguruma tu. Mzee wa usafi akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Ijumaa nilikata tamaa, nikaanza kulizungusha ili nilitoe pale lilipokuwa, spika bado inawaka. Mngurumo ukashuka. Nikasimama. Nikalizungusha zaidi, ukarudi. Nikalirudisha polepole, ukashuka tena, ukawa mdogo kama nyuki mmoja chumbani. Kumbe lile sikio lina upande unaosikia na upande usiosikia, na siku zote nilikuwa nimeligeuzia karasha upande unaosikia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nilitakiwa nigeuke. Nikatoa mfukoni chaki ya kuchorea nguo, nikachora sakafuni alama za miguu yote minne. Kisha nikaketi kuona nimekaaje.

Nilikuwa natazama ukuta. Kwaya yote ingekuwa mgongoni kwangu, pamoja na mwalimu wake.

Nilimwita. Alikuja, akasikiliza, akakiri kwamba mngurumo huo unavumilika. Halafu akaona kiti changu.

"Mama fundi, mwalimu wa kwaya hapewi mgongo."

"Nisamehe, Mwalimu. Gitaa ndilo limechagua."

"Pasaka lilikuwa zuri! Kimya, safi. Kila mtu amesifu. Kwa nini unalirudisha nyuma?"

"Lilikuwa kimya kweli. Na mimi nilikuwa kimya ndani yake. Mama yangu alidhani naumwa."

Hakunielewa, na simlaumu. Akauliza, "Nitakuongozaje kama huioni mikono yangu?"

"Kabla ya kuimba mnavuta pumzi. Hiyo naisikia."

Alinipima. Alisimama nyuma yangu, akainua mikono nisiyoiona, akavuta pumzi, nami nikaingia naye. Akarudia kwa kasi nyingine. Mara moja akavuta pumzi halafu asiimbe, kunitega. Nikabaki na vidole juu ya nyuzi, sikudonoa. Akacheka kidogo puani.

"Jumapili moja," akasema. "Ukichelewa kuingia, au ukiwahi, hata mara moja, kinanda kinanunuliwa. Na hutaniomba tena."

"Sitakuomba."

Jumapili hiyo nilifika mapema, mama akaketi nje chini ya dirisha na wazee wenzake, nami nikaweka miguu ya gitaa juu ya chaki yangu. Watu walivyoingia niliwasikia wakinong'ona, mama mmoja akimuuliza mwenzake nimeadhibiwa kwa kosa gani. Mbele yangu palikuwa na ukuta wa rangi ya maziwa na ufa mmoja. Nyuma, viatu, vikohozi, kurasa. Karasha ilianza kusaga, nyuki wangu akaamka ndani ya spika, akabaki palepale, hakukua. Wimbo wa kuingia nilipita salama. Bwana utuhurumie, salama. Jasho lilinitiririka mgongoni, mgongo uleule niliompa Mwalimu.

Ulipofika Utukufu nilisikia kwaya yote inavuta pumzi, nikaingia. Kwenye ubeti wa pili nilitelezesha chuma hadi juu ya uzi mwembamba, nikakanyaga pedali, sauti ikapanda na kulia kama ilivyolia misheni. Hapo, kabla ya mahali ambapo akina mama hupiga vigelegele, kikatoka kimoja nje ya dirisha. Kilikuwa peke yake, chembamba, kinakatika katikati kwa kukosa meno. Mwalimu alishtuka, nilisikia sauti yake ikiyumba. Kigelegele hakikujali, kilikwenda hadi mwisho wake, kikaanza tena.

Nikalia palepale, nimeukabili ukuta, na hakuna aliyeona. Mikono yote miwili ilikuwa na kazi, sikuweza kufuta. Kwaya ikavuta pumzi kwa ajili ya ubeti wa tatu, nikaingia nao.