Siku Nilipompandisha Mfalme Sulemani Baiskeli

Chekeni sasa hivi mmalize, maana hapa kwetu Malaba watu bado hawajamaliza, na hata jana mama muuza chapati aliponiona alipiga kengele ya baiskeli ya mteja wake, kriing, akaniuliza kama mfalme hajambo.

Chanzo ni karatasi ya mfuko wa simiti. (Kwetu kila kitabu hufunikwa kwa karatasi hiyo, kuanzia cha hesabu mpaka Biblia ya kigango, kwa sababu kiwanda kiko Tororo na kila anayejenga hutuachia mifuko.) Nilikuwa nimeenda Busia kwa shangazi, nikamkuta muuza vitabu vya mitumba ana riwaya ya mapenzi iliyochakaa, akaninong'oneza, "Kijana, hiki zamani makanisa yalikichoma moto." Wewe ungefanya nini? Nikakinunua mbio, nikakifunika kwa simiti ili Jaja, bibi yangu anayenilea, mwenyekiti wa akina mama wa kigango, asikitambue.

Kusema kweli nilikuwa natafuta uchafu. Nikasoma kurasa themanini bila hata busu, mimi niliyeona mambo kwenye simu (tuyaache hapo), nikawa nacheka peke yangu, wazee wetu walikichoma kwa kosa gani? Kisha ukurasa wa tisini na moja yule bwana akamshika yule mke wa mtu kidole, kimoja tu, kile kidogo, wakivuka mto, na mimi nikasahau kumeza mate. Nilikifunga, nikatoka hadi barabarani, nikasimama natazama malori. Sikujua maneno matupu yanaweza kumfanya mtu hivyo.

Jumapili zilibaki kurasa ishirini, nikashindwa kukiacha nyumbani, nikakiweka kwenye benchi la kanisa ubavuni mwa Biblia. Mimi ndiye niliyekuwa msomaji wa Kiswahili, kwa ajili ya madereva wanaokwama kwenye foleni ya mpaka. Katekista Owor akaniita, nikanyakua kitabu, nikafika mbele, nikafungua: mto, kidole. Mwenye akili angerudi kwenye benchi. Mimi nikakohoa, nikasema, "Somo katika Wimbo Ulio Bora."

"'Nikiulizwa mto huu una kina gani nitasema sijui, maana nilivuka nikikutazama wewe.'"

Dereva mmoja wa upande wa Kenya akasema kutoka nyuma, "Buda, hebu rudia hapo." Nikarudia! Akina mama wakaitikia amina, kichwa kikanivimba, nikafunua ukurasa uliofuata bila kuuchungulia kwanza.

"'Kisha akaegemeza baiskeli yake, akawasha sigara...'"

"Ngoja," akasema katekista. "Sulemani alikuwa na baiskeli?"

Dereva ndiye aliyeanza kucheka, wengine wakamfuata mpaka mabati yakalia. Owor akaninyang'anya kitabu, akasoma jina la riwaya ndani, akakishika kwa mbali kama panya aliyekufa. "Hii! Hii tulichoma hapa nje! Nani iko na kibiriti?"

Hapo nililia, siwafichi. Aibu nilishaizoea, lakini nilikuwa bado sijajua kama yule mwanamke atarudi kwa mumewe, na kitabu kingine kama hicho ningekipata wapi?

Jaja akasimama. Nikaandaa shavu.

"'Akawasha sigara,'" akasema polepole, macho kwenye mabati, "'lakini hakuivuta. Ikaungua yenyewe kati ya vidole vyake, mpaka ikamkumbusha kwamba yu hai.'"

Nilimtazama bibi yangu, huyu huyu anayenifokea kwa ajili ya chumvi, kama mtu aliyeshuka kwenye treni nisiyojua inatoka wapi.

"Mama," katekista akasema kwa sauti ndogo, "weye najua hii kitabu?"

"Owor, mwanangu, kibiriti siku ile nilishika mimi. Lakini nilikisoma kwanza. Lete hapa."

Akampa.

Mimi nilivuliwa usomaji, sasa nafagia kigango kila Jumamosi. Nimeapa: kitabu chochote nitakachokifunika tena kwa simiti nitakuwa nimekimaliza kwanza, maana zile kurasa zangu ishirini anazo Jaja, anazisoma mlangoni taratibu, makusudi kabisa, na nikimuuliza kama yule mwanamke alirudi kwa mumewe, ananijibu bila kuinua macho:

"Osha sufuria."