Kiti cha Faustin Kabla ya Gundi

Jumanne ya kwanza ya mwezi wa tatu, mwaka juzi, nilimpoteza mwanangu Faustin. Boda boda aliyopanda iligongwa na lori mjini Mbarara, huku Uganda. Alikuwa mwaka wa mwisho wa digrii ya kutengeneza samani. Naanza na hilo kwa sababu vijana wa hapa Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi, wanaokuja kuniuliza habari za useremala wanalijua tayari, ila wanaogopa kulitaja. Sasa limetajwa. Niwaeleze kazi.

Siku yangu ya kwanza ya kazi Mbarara ilikuwa katika karakana moja ya mtaa wa Kakoba. Kabla ya hapo nilikuwa nimepita Kabazana, kituo cha kupokelea wakimbizi, kama wageni wote, nikapewa kiwanja, nikajenga, nikawatengenezea majirani vitanda kwa msumeno wa kuazima. Bosi wa Kakoba alikuwa Munyankore, mwenyeji wa pale, mnene, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe.

"Wewe Mukongo, unajua randa?"

"Ninaijua, bosi."

"Kila mkimbizi anajua randa mpaka apewe mbao. Shika hii."

Alinipa ubao wa kalitusi uliopinda. Niliuranda mpaka ukanyooka, nikaona nimefaulu. Kesho yake nikaukuta umepinda tena. Bosi akacheka hadi akashika meza.

"Hiyo mbao bado iko na maji ndani. Umeilainisha uso tu. Peleka juu ya dari, mutaonana baada ya Krismasi!"

Hilo ndilo somo langu la kwanza: mbao hukaushwa kwanza, ndipo hupimwa. Nilikaa kwake miaka mingi, tukitengeneza vitanda, makochi na meza za watu wa Kakoba.

Kisha akaja Mkuu wa Idara ya samani kutoka chuo kimoja cha pale mjini, akitafuta fundi wa karakana ya wanafunzi. Huyu alikuwa mtoto wa askari, amekulia kambi ya jeshi, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambi: kifupi, cha amri, hata alipokuwa anabembeleza.

"Mzee, mimi nafundisha darasani. Wewe simama na wao kwa meza ya kazi. Sawa?"

"Sawa, mkuu."

Watu hucheka wakisikia kuna digrii ya viti. Mimi pia nilicheka. Nilisoma mpaka darasa la sita huko Fizi, Kongo, na mengi ya darasani sikuyaelewa, wala sitajifanya niliyaelewa. Wanafunzi walijifunza kuchora kwa kompyuta. Walijifunza uzito wa mtu unavyoshuka kutoka kwenye kiti hadi sakafuni, na mbao ipi inaweza kuubeba. Walipimana magoti, mapaja na migongo huku wakitaniana. Mwanzoni niliona ni mchezo. Lakini nilikuja kukalia viti vyao, nikakubali: kiti kilichochorwa na mtu aliyepima mgongo wa binadamu hakikuchoshi. Vya kwangu vya Kakoba vilichosha.

Kazi yangu ilikuwa viungo. Kiungo kikubwa cha kiti ni ulimi na tundu. Kipande kimoja unakipunguza ncha iwe nyembamba kama ulimi, kingine unakitoboa kwa patasi, kisha ulimi unaingia ndani ya tundu bila kulegea na bila kupigwa nyundo kwa nguvu. Idara ilikuwa na sheria ambayo sikuikuta Kakoba: hakuna gundi kabla ya mtahini kuona viungo. Kiti kinafungwa kikavu, kinasimama, halafu mtahini anakifungua kipande kimoja kimoja na kuangalia ndani. Gundi ikishaingia, kiungo kizuri na kibaya hufanana kwa nje.

Faustin alipokubaliwa chuoni, sikumpendelea. Aliniita fundi kama wenzake mpaka tunapofika nyumbani. Kiti chake cha mwaka wa mwisho kilikuwa cha mvule, na mgongo wake uliingia kwenye miguu ya nyuma kwa mshazari. Tundu la mshazari ni gumu. Kwa desturi nilimwonyesha mwanafunzi kwenye kipande cha kutupa, lakini siku hiyo hapakuwa na kipande, basi nikauchonga mguu mmoja mzima wa nyuma, kiungo kwa kiungo, yeye akitazama. Tukakubaliana kwamba ataufanya upya kwa mikono yake, ubao mwingine ukishakauka. Kwa wakati huo ule wangu ulishikilia kiti kisipoteze vipimo.

"Baba, huu mguu wako una kiburi," aliniambia, akasahau kuniita fundi. "Mitatu yangu inauogopa."

"Ichonge vizuri, itaacha kuogopa."

Ubao ulikuwa bado unakauka alipofariki.

Niliporudi kazini baada ya maziko, kiti kilikuwa kimesimama pale pale, kikavu. Mkuu wa Idara akaja, akakizunguka, hakukigusa.

"Pole tena, mzee. Sikia. Mutahini anakuja wiki kesho. Hiyo sheria ya viungo niachie mimi. Weka gundi, piga msasa, piga vanishi. Kijana amefanya kazi miaka yote hii, apate digrii yake."

"Na mguu, mkuu?"

"Mguu gani? Gundi ikikauka, kuna mguu gani tena?"

Macho yake yalikuwa mekundu. Simsemi vibaya, alimpenda kijana. Alipoondoka nilifungua kopo la gundi, nikachukua brashi. Nilimfikiria mke wangu, ambaye alikuwa ameshashona nguo ya siku ya mahafali. Nilifikiri pia kwamba Faustin alijua mguu upi si wake, na hakuwahi kumwambia mtu yeyote kwamba ni wake. Nikafunga kopo.

Mtahini alikuwa mama mmoja kutoka Kampala, mpole, mwenye miwani. Alikifungua kiti, akapanga vipande mezani. Aliniuliza kama kila mwanafunzi anavyoulizwa.

"Hii yote ni kazi yake?"

"Huu mguu ni wangu, madam. Nilimwonyesha. Hiyo mingine na mgongo ni vyake."

Aliusogeza ule wangu pembeni. Ile mingine aliikagua kwa muda mrefu, akiingiza ulimi na kuutoa, akisikiliza mlio wake.

"Kazi safi sana," akasema. Kisha akavua miwani. "Lakini kiti hakijakamilika, mzee."

"Ndiyo, madam."

Siku ya mahafali nilisimama ukutani na wafanyakazi wengine. Jina lake halikusomwa. Mkuu wa Idara alipita katika joho lake, akanishika mkono na hakuuachia haraka.

"Mzee, wewe ni mugumu," akasema.

Niliacha kazi mwisho wa muhula ule. Vumbi la mbao lilikuwa limejaa kifuani. Ninyi mnaoanza, jifungeni kitambaa puani hata wenzenu wakiwacheka. Mkuu wa Idara aliniruhusu nichukue kiti, nikarudi nacho Nakivale kikiwa vipande ndani ya gunia.

Mke wangu alikimwaga juu ya mkeka, akavitazama vipande.

"Mutihani ilikwisha?"

"Ilikwisha."

"Basi weka gundi."

"Mama Faustin, mguu mumoja hauko wake."

"Ninajua. Kiti haisimamake na miguu tatu."

Nikapaka gundi. Yeye alishikilia, mimi nikazungusha kamba na kuikaza kwa kijiti. Asubuhi aliifungua kamba mwenyewe, akakitoa kiti nje mlangoni, akaketi, akavuta ungo wa maharage, akaanza kuchambua.