Tumbili Hawamwogopi Mwanamke

Shuleni tulikaririshwa dubu: ukubwa wake, anakula nini, wakati wa baridi analala wapi. Dubu! Mnyama ambaye hajakanyaga Pemba tangu dunia iumbwe. Habari za tumbili hakuna mwalimu aliyetufundisha. Nimejifundisha mwenyewe, kwa mihogo yangu.

Tumbili dume, kwa macho yangu, hazidi uzito wa majogoo wawili. Anakula embe, mahindi, mayai ya kuku, na muhogo ndio kipenzi chake. Wala hali akamaliza. Anang'oa shina, anauma mara moja, anatupa, anahamia jengine. Mmoja anakaa juu ya mkarafuu kuwalindia wenziwe. Na kinachonichoma zaidi, wanamtambua mwanamke. Mwanamme akitokeza kichwa tu, wamepotea. Mimi nipige debe mpaka mkono ufe ganzi, wananitazama kama wageni wa harusi wanaosubiri pilau.

Mume wangu alikuwa dago, kambi ya wavuvi upande wa Tanga, miezi miwili hajarudi. Tulichokuwa nacho mimi na mwanangu wa miezi saba ni kile kishamba, basi. Nikamwacha mtoto kwa mamkwe, nikavaa suruali ya mume wangu, shati lake na kofia yake, nikaenda kulinda. Wakakimbia! Siku tatu hawakurudi.

Siku ya nne mamkwe akanisubiri mlangoni.

"Astaghafirullahi! Watu wananiuliza mwanangu karudi lini, nami sina la kujibu!"

"Wambie karudi juzi, mama, ila kapungua."

"Wanifanyia mzaha? Basi huyu mtoto mbebe mwenyewe. Miye simshiki tena mpaka uvae kama mtoto wa watu."

Nikambeba, nikaenda naye. Mchana akalilia titi. Nikamtikisa, sikuthubutu kumbembeleza kwa sauti. Hakunyamaza. Nikakaa chini, nikafungua vifungo vya shati. Yule wa juu ya mkarafuu akainama, akanitazama vizuri, akatoa mlio. Likashuka kundi zima. Nilipiga kelele, nilitupa mawe kwa mkono mmoja, mtoto kang'ang'ania ziwa. Dume likakaa hatua kumi mbele yangu, likamenya muhogo.

Tokea siku hiyo suruali haikuwatisha tena. Na mihogo ilikuwa bado sana kukomaa. Ningengoja nini? Nikaing'oa yote, myembamba kama vidole, nikaimenya, nikaipasua makopa ya kukausha. Nje singeweza kuanika, wangeimaliza. Nimeyatandaza chumbani, pembeni mwa kitanda, dirisha nimelifunga. Hayakauki. Mengine yameshaota ukungu. Nayakwangua, natwanga, nasonga ugali, nakula ili maziwa yasikatike.

Jana mamkwe kapita, kachungulia, kashika pua.

"Chumba chanuka hichi."

"Ndicho chakula cha mjukuu wako, mama. Ingia ukione."

Hakuingia.