Mesaje Bila Salamu

Katika Cimpunda yote, kule juu Bukavu ambako nyumba zimekaa moja juu ya kichwa cha ingine, hapakuwa na mutu wa kumufungia Maman Eulalie mulango. Marehemu bwana yake, Muzee Mushagalusa, alijaribu mara moja, akalala nje yeye. Kwa hiyo watu wa afya walipotafuta mama wa kupita nyumba kwa nyumba akiuliza nani ana homa, nani anahara, hawakutafuta mbali.

Wakamupa telefone ndogo ya tochi. Ignace, infirmier, ndiye muuguzi wa santé, kile kituo cha afya cha chini ya mulima, akamufundisha. "Homa unaandika H. Kuhara unaandika K. Kisha hesabu ya bagonjwa na jina ya nyumba. Unatuma, mashine yetu inasoma. Haiombe kitu ingine."

"Na salamu?"

"Salamu hapana, Maman. Ile ni mashine."

Maman Eulalie akamuangalia toka viatu mpaka nywele. "Miye niingie kwa batu na kuhara mu kinywa, hata 'asinge' sijasema? Baba yangu alizaa mutu, hakuzaa mbuzi."

Shule yake iliishia kwa katekisimu, na kidole gumba chake kilitafuta herufi kama kuku anayetafuta funza kwenye majani. Lakini kila asubuhi mesaje yake ilitoka imevaa vizuri: "Asinge papa Ignace. Mumeamuka? Muke wako Georgette, mugongo yake? Ng'ombe ya baba mukwe kule kijiji ya Miti imezaa? Sisi tuko, Mungu iko. K 2 kwa Zagabe."

Mashine ikajibu: "Ujumbe haueleweki. Rudia."

"Rudia weye!" anaiambia, na kuitia katika kitenge.

Mesaje zake zikawa zinaanguka pembeni, Ignace anaziokota mwenyewe, anaandika ripoti kwa mukono. Siku ya posho, ndiyo Jumamosi, anapanda mulima kulalamika, anapewa bugali na sombe ya majani ya muhogo, anakula akilalamika.

"Maman, utanifukuzisha kazi."

"Ng'ombe ilizaa?"

"Ilizaa."

"Unaona? Mashine yako ilijua?"

Basi vita ikaingia mujini, kama mugeni asiyebisha hodi. Risasi zikalia upande wa chini, waaskari wakaweka barriere kwenye njia ya kushuka, kila mutu akafunga mulango. Maji ya robinet, ile ya bomba, ilikuwa imekatika tangu mbele ya hapo, watu wakachota kule kwenye mufereji.

Asubuhi Marcelline, jirani yake wa mulango kwa mulango, akamuita juu ya ua wa lupango kwa sauti ambayo haikuwa ya kugombana. Hiyo peke yake ilikuwa habari mbaya, maana hao wawili waligombana tangu mwaka wa mazishi ya Muzee. Elodie, mutoto wa Marcelline, alikuwa anahara maji nyeupe, kama ile umeoshea muchele. Macho yamezama ndani. Maman Eulalie akachanganya maji yaliyochemshwa na sukari na chumvi, akamunywesha kwa kijiko. Mutoto akatapika yote. Sasa alitaka serumu ya mushipa, na serumu ilikuwa kule chini, ng'ambo ya barriere.

Maman Eulalie akatoa telefone. Moto ya batri ilibaki kidogo sana, kamustari kamoja kekundu. Gumba likaanza safari yake: "Asinge papa Ignace. Mume..."

"Weh!" Marcelline akapiga kelele. "Mutoto wangu anaisha, we unauliza mugongo ya Georgette?"

Maman Eulalie akaangalia kile kinywa kikavu cha Elodie. Akaangalia kamustari. Kisha akafuta, herufi kwa herufi, na kila herufi ilimuuma kama kung'olewa jino. Akatuma: "K 1 kwa Marcelline."

"Asante. Ripoti imepokelewa," mashine ikajibu, na telefone ikazimika.

"Yooo! Leo ndiyo inaniambia asante," akasema kwa uchungu. "Leo nimeongea kama mutu asiye na kwao."

Wakakaa wakitia matone kwenye midomo ya mutoto, hawagombani. Jua lilikuwa bado halijafika juu ya kichwa wakati gari ya bendera nyeupe ikaunguruma kwenye mawe. Ignace akaruka, koti imechafuka matope, mifuko ya serumu mukononi, akamupita Maman Eulalie bila neno moja. Sindano ilipoingia kwa mushipa wa Elodie, ndipo akageuka.

"Maman! Kumbe uko muzima?"

"Nife kwa sababu gani?"

"K zimejaa kwa mashine toka asubuhi, gari iko moja. Nikaona yako. Hakuna asinge, hakuna ng'ombe! Nikasema, Maman Eulalie ametuma bila salamu? Cimpunda imeanguka. Nikamuambia chauffeur, tuanzie kule."

Maman Eulalie akakunja kitenge, akainua kidevu. "Na weye umeingia humu bila hata asinge. Tumelingana."

Mangaribi Elodie akafungua macho, akaomba mukate, Marcelline akalia na kucheka pamoja, kisha akapeleka telefone ya Maman Eulalie kwa panneau ya jua ya mwanawe mukubwa ipate moto. Iliporudi, Maman Eulalie akaketi mulangoni na kutuma deni yake ya salamu: Georgette, mugongo, watoto, ng'ombe na ndama yake, wote kwa majina.

"Ujumbe haueleweki," mashine ikasema. "Rudia."

Mara hii hakubisha. Akarudia, kuanzia kwa asinge.